Bamvua halingoji ratiba: shajara ya filamu yetu ya Mji wa Kale

Mfunguo Mosi, baada ya Idi

Pesa ya kwanza ya filamu imeingia, kwa hiyo shajara nayo inaanza. Ni malipo ya msimu uliopita wa tamthilia niliyoongoza. Yalifika yakiwa yamekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, na kabla hayajasikia harufu ya karo wala ya kodi ya nyumba nikayahamishia akaunti ya mradi. Mtayarishaji wangu akanipigia simu kuuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia aandike risiti.

Kwa anayeanza kutusoma leo: mimi ni mwongozaji. Nililelewa Majengo, nikaingia kazi hii kwa kubeba nyaya, nikawa mtunza mwendelezo, yule anayeangalia nguo na vitu visibadilike kati ya picha na picha, kisha msaidizi wa mwongozaji, kisha nikaachiwa vipindi vya tamthilia vya kuongoza mwenyewe. Filamu zangu fupi ziko, zimeonyeshwa hapa na pale, ikiwemo ukumbi wa Swahilipot. Hii ndiyo ndefu ya kwanza. Jina bado. Kwenye kibao kinachogongwa mbele ya kamera tumeandika "Nyumba" tu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Baba amefariki, mama alitangulia zamani. Wamebaki ndugu watatu wa kiume na dada yao mkubwa, ambaye aliachwa na mumewe akarudi kwao, akamuuguza baba mpaka mwisho. Nyumba ya mirathi inakatwa mafungu saba. Kila kaka ana mawili, dada ana moja. Kaka wanataka kuuza. Sibishani na hukumu, wala filamu haibishani nayo. Ninachokitazama ni yule ambaye ufunguo uko kiunoni mwake wakati wengine wanazungumza bei.

Ndiyo, naandika kwa miezi ya mfunguo, inayohesabiwa tangu Ramadhani inapoisha. Ni sababu ya kazi tu: sehemu kubwa ya mwisho wa filamu iko ufukweni, na maji hufuata mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kukupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baada ya hapo. Katikati yake maji huwa mafu, hayapandi wala hayashuki sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hashindwi kujua siku gani mwamba utakuwa wazi. Ratiba za televisheni huandikwa kwa tarehe za mshahara, na hilo nalo lina hekima yake.

Nyumba tumeipata, si mbali na Ndia Kuu. Mwenyewe ni Bi Mkubwa mmoja ambaye alinisikiliza kwa subira nikimweleza habari za taa na nyaya na watu kumi na kitu kuingia kwake, kisha akauliza swali lake moja: "Mtakunywa chai yangu au mtakuja na yenu?" Nikamjibu, yako, Bi Mkubwa. "Basi nyumba ni yenu mpaka Magharibi."

Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Upana haufiki mita tatu, kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo. Mwashi wa zamani hakuchagua upana, mti ulimchagulia. Kwa mtu wa kamera hii ni adhabu. Ukirudi nyuma upate watu wawili katika picha moja, mgongo unagonga ukuta. Ukiweka lenzi pana ya milimita 18, pua ya mwigizaji inatangulia uso wake kuingia filamuni. Tamthilia hulikwepa jambo hili kwa kukodi jumba la Nyali au Mtwapa lenye sebule ya kuchezea mpira, kamera tatu zikaingia na taa zake zote. Ndiyo maana familia za Pwani kwenye televisheni zote ni za matajiri, hata ile ambayo baba ni kuli wa bandarini.

Tumekubaliana na mpigapicha: lenzi ya milimita 35, na kamera isikae chumba kimoja na anayezungumza. Itakaa chumba cha pili, itazame kupitia mlangoni. Kwanza nilidhani ni ujanja wa kukwepa ufinyu. Tulipojaribu na simu tu, nikamwona mpwa wangu amesimama kama kaka mdogo, nusu kafichwa na mwimo wa mlango, na nikaelewa kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoishi kwenye nyumba hizi. Hakuna siri ya chumbani ambayo ukumbi hauijui. Picha inasikiliza mlangoni kama jamaa.

Jambo moja la mwisho kwa mwezi huu: Ngomeni hatuendi, wala Mapembeni kwenye zile pembe kubwa za barabarani. Ngome ya Yesu imesimama pale tangu miaka ya 1590 na haihitaji mimi niitangaze. Mtayarishaji anasema mnunuzi wa nje asipoona ngome hatajua ni Mombasa. Atasikia watu wakisema.

Mfunguo Pili, masika

Mvua imeshika, vichochoro vyote vinatiririka, na Bi Mkubwa ameweka karai tatu ukumbini chini ya paa linalovuja. Hakuna kupiga picha. Nimerudi kwenye tamthilia.

Watu hudhani mwongozaji wa televisheni anaongoza hadithi. Anaongoza seti. Maonyesho yote ya jikoni, ya vipindi vyote vya mwezi, yanapigwa kwa mkupuo jikoni likiwa bado letu, kisha sebule, kisha hospitali, ambayo ni chumba cha juu cha jumba lilelile likiwekwa pazia la kijani. Asubuhi mwigizaji analilia ndoa iliyovunjika, mchana anachumbiwa. Maonyesho kumi, kumi na mawili kwa siku. Ukikaa muda mrefu katika mtindo huo unapata kitu ambacho sijaona chuo kikikifundisha: unajua, kabla ya mwigizaji kumaliza sentensi, kama hiyo inatosha au irudiwe. Sikio linakuwa na saa ndani yake.

Kwa hiyo fomu niliyojaza wiki iliyopita imenikera. Ni ya mfuko mmoja wa kusaidia filamu huru. Wanataka wasifu wangu wa kazi, na chini ya kichwa cha "filamu ulizoongoza" wameandika kwa herufi ndogo kwamba kazi za televisheni zisihesabiwe. Miaka yote ile, waigizaji wote wale, wasihesabiwe. Nikabaki na filamu fupi, kama msichana aliyemaliza shule juzi.

Hebu tuwatazame waliotangulia. Anne Mungai alitoa Saikati mwaka 1992, habari ya binti wa Kimaasai anayekimbia kuozwa ili asome, na ni miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kuongozwa na mwanamke wa Kenya. Judy Kibinge alitoka kwenye matangazo ya biashara, akaongoza Dangerous Affair mwaka 2002. Na Killer Necklace ya mwaka 2008 ilipita katika mpango wa M-Net wa kuwainua waongozaji wapya, yaani pesa ya televisheni. Baadaye akaja na Something Necessary mwaka 2013, na akaanzisha Docubox kuwashika mkono wenye filamu za hali halisi. Wanuri Kahiu aliongoza From a Whisper mwaka 2008, akirudi kwenye shambulio la bomu la Nairobi la Agosti 1998. Miaka kumi baadaye Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, huku nyumbani bodi ya filamu imeifungia. Leo anaongoza huko nje, sinema na mfululizo wa televisheni vilevile, na sijasikia mtu akimwuliza kipi kisihesabiwe.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mbali. Julie Dash, Mmarekani, alitoa Daughters of the Dust mwaka 1991. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa katika majumba ya sinema ya nchi nzima. Ungetarajia milango ifunguke. Badala yake kazi iliyomweka mjini kwa miaka mingi ilikuwa televisheni: filamu ya maisha ya Rosa Parks mwaka 2002, na baadaye vipindi vya Queen Sugar, ule mfululizo wa Ava DuVernay ambao misimu yake yote saba iliongozwa na wanawake. Ukikata televisheni kwenye wasifu wa Julie Dash umemfanya aonekane alilala miaka, kumbe alikuwa kazini.

Na hapa kwetu televisheni ndiyo iliyofungua mlango. Matangazo ya analojia yalizimwa mwaka 2015, vituo vikazidi, na kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinavitaka viwe na angalau asilimia 40 ya vipindi vya nchini. Mtu akawa hana budi kutafuta hadithi. Hapo ndipo Pwani nayo ikaonekana. Sultana ya Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilipoanza Citizen mwaka 2022, mama yangu aliacha kupokea simu saa ya kipindi. Ninaijua hasara yake pia. Lakini sikubali kuambiwa shule iliyonifunza si shule.

Fomu nimeituma. Sehemu ya filamu nimeweka nilichoruhusiwa, na kwenye "maelezo mengineyo" nimemwaga tamthilia zote, msimu kwa msimu, mpaka nafasi ikaisha.

Mfunguo Tatu

Tunapiga. Anayetawala seti si mimi, ni fundi wa sauti, dada wa Kisauni, mdogo wa umri na mkali kama pilipili ya mbuzi. Anakaa kwenye ngazi, vipokea sauti masikioni, macho amefumba, na akiinua kidole kazi nzima inasimama. Kidole kikiinuka ni tuktuk. Au ni kunguru. Au jirani anatwanga.

Tatizo lake kubwa lilikuwa buibui. Vitambaa vya siku hizi ni vyepesi na vinateleza, na maiki ya kubandika ikiwa chini yake inasikia kila pumzi kama mtu anayekunja karatasi. Aliiweka kwenye mtandio chini ya kidevu, kidevu kikawa kinaigusa. Aliiweka kifuani juu ya nguo, ikaonekana. Mwishowe akachukua leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikawa laini, akaikata vipande vidogo, akaiviringisha maiki kama kitumbua kichanga, akaibandika kwenye mkanda wa sidiria kwa plasta ya hospitali, kichwa kikitazama chini. Kuitazamisha chini ndiyo siri: pumzi haiipigi tena usoni. Sauti ya dada mkubwa sasa inatoka kavu na karibu, unamsikia akimeza mate kabla ya kusema "sawa".

Nimekaa kwenye seti ambazo fundi wa sauti ni mwanamume, na waigizaji wa kike hupewa waya wajipitishie wenyewe chooni, wakirudi maiki iko upande-upande na hakuna wa kuirekebisha. Kisha tunashangaa kwa nini wanawake katika tamthilia zetu wanasikika kama wako ndani ya debe. Jibu si la mitambo.

Adhana. Mji wa Kale una misikiti iliyosongamana, na kila mmoja una mwadhini wake na saa yake. Mmoja akimaliza mwingine yuko katikati. Ratiba ya mazungumzo inasimama kabla ya Adhuhuri na kabla ya Alasiri, na hiyo ndiyo saa ya chai ya Bi Mkubwa, kwa hiyo hakuna anayenung'unika. Lakini tumezirekodi zote kutoka darini, kila wakati kwa wakati wake, maana mhariri atazihitaji. Sheria nimeiandika kwa kalamu nyekundu: adhana haikatwi katikati, na adhana ifanane na mwanga. Niliwahi kuona tamthilia moja, jua linazama, mabinti wanaanua nguo, na nyuma yao mwadhini anasema sala ni bora kuliko usingizi. Adhana ya Alfajiri saa ya Magharibi! Ukumbi mzima wa nyumbani kwetu tulicheka mpaka bibi akatukemea.

Sasa kichekesho chetu wenyewe. Mwigizaji anayecheza dada mkubwa ni yuleyule anayecheza bi harusi kwenye tamthilia. Amepakwa hina mpaka kwenye viwiko, maua mazuri, mekundu ya kukolea. Dada mkubwa ni mtu wa matanga, ametoka kumzika baba, mikono yake inapaswa kuwa mitupu. Tulijaribu kuifunika kwa krimu ya rangi ya ngozi. Kwa joto la Mombasa, dakika chache krimu inatiririka na maua yanachungulia. Na mwongozaji wa kule aliyeamuru hina ipakwe upya kila inapofifia ni mimi, kwa hiyo hakuna wa kumpelekea malalamiko. Picha zote za karibu za mikono, za kukamua nazi, za kuhesabu funguo, tumezihamisha mwezi ujao, harusi ya kule ikishapita.

Waigizaji wanasema Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Hilo halikujadiliwa. Kwenye tamthilia huwa tunaombwa tulainishe ili watu wa bara wafuate. Hapa kaka mkubwa anasema "yuwaja", yaani anakuja, na dada anamjibu hivyohivyo, na anayetaka kufuata atafuata.

Idi ya kuchinja ilitukuta katikati ya kazi. Tulifunga, tukala, tukarudi.

Mfunguo Nne, bamvua la mwezi mpevu

Huu ndio mwezi niliokuwa nikiungoja tangu mwanzo, na nitaueleza kwa kirefu.

Katika mswada, kaka wanamtoa dada kwenda kuzungumza nje ya nyumba, mbali na masikio ya ukumbi. Wanatembea juu ya mwamba mtupu, bahari imekwenda mbali, jua linazama. Kila aliyeusoma mswada aliupenda ukurasa huo. Shida ni kwamba Mombasa hakuna saa kama hiyo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kabisa na mwamba kuwa wazi, ni saa nne hivi, asubuhi na usiku. Saa kumi jioni, jua linapoanza kulainika, bahari imejaa mpaka ukutani. Ukitaka maji yawe yamekupwa jioni, ngoja maji mafu. Yatakupwa kweli jioni, lakini yatarudi nyuma hatua chache tu na mwamba hutauona. Kati ya bamvua na maji mafu tofauti ni kubwa: bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu.

Mvuvi wa pweza wa Likoni, Mzee tuliyemchukua awe mlinzi wetu mwambani, alisomewa ukurasa huo na msaidizi wangu. Akasikiliza vizuri, akasema, "Mwanangu, mwamba na jua la Magharibi hawajuani."

Kwenye tamthilia ningelimaliza suala hili kabla ya chakula cha mchana. Ningepiga picha pana ya mwamba saa nne asubuhi, nyuso za waigizaji jioni wakiwa wamesimama mchangani, mhariri akaziunganisha na kuzipaka rangi ya chungwa. Nimefanya hivyo, na nitafanya tena nikilipwa. Ratiba pale ndiyo bwana, bahari inafuata. Asilimia kubwa ya watazamaji hawatajua, na kipindi lazima kiende hewani Jumatatu.

Lakini filamu hii nimeilipia mwenyewe, na nilichonunua kwa pesa ile ni ruhusa ya kungoja. Watu wa Likoni watajua. Basi onyesho limehamia usiku. Saa nne ya usiku, mwezi wa tarehe kumi na sita, mwamba wazi.

Kuvuka na vyombo ilikuwa kazi yake. Kamera na lenzi zilipanda gari, mengine yakaenda kwa mkokoteni ndani ya feri na umati wa jioni. Kusi, upepo wa msimu huu, lilikuwa limeshika sawasawa, na ufukwe wa Shelly unalipokea kifua wazi. Fundi wa sauti alivika maiki ya fimbo manyoya mawili ya kuzuia upepo, moja juu ya jingine, akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikafuta mazungumzo. Kurasa tatu za maneno zikawa mistari mitatu, na huo mmoja wa mwisho tutaurekodi tena chumbani. Nilipokuwa kijana ningelia. Onyesho sasa ni zuri zaidi, kwa sababu kaka hawa tangu mwanzo wa filamu wamekuwa wakisema sana.

Mwanga ulikuwa mwezi na karabai. Mwezi peke yake kamera yetu inauona, ila kivuli kinajaa chengachenga ukiongeza usikivu wake kwa mwanga. Kwa hiyo dada anabeba karabai ya zamani ya baba yao, ya watafuta pweza. Tumeitoa tumbo, tukaingiza taa ndogo ya LED na betri, tukazungushia plastiki ya rangi ya moto. Haitoi mlio ule wa kweli wa karabai. Mlio tumeurekodi kwa mzee mmoja ambaye bado anayo inayowaka. Akiinyanyua taa, uso wake unaonekana na wa kaka zake unapotea. Akiishusha, wote ni vivuli na mwamba unang'aa. Mpigapicha alitaka kuongeza taa ya pili kwa mbali, "kidogo tu". Nikakataa. Nikamwambia mwenye taa ndiye mwenye onyesho.

Hofu yangu ilikuwa maji. Watu husimama mwambani wakitazama bahari ya mbele, kumbe yanarudi kwa nyuma, kupitia mkondo ulio karibu na ufukwe, na ukigeuka umekatiwa njia. Mzee wetu hakutazama kamera hata mara moja. Alisimama kwenye mkondo, mguu mmoja ndani ya maji, na kila yalipopanda alihamisha jiwe. Alipopiga mluzi tulikuwa katikati ya jaribio ambalo, naapa, lilikuwa bora kuliko yote. Nikasema kata. Mwigizaji wa kaka mdogo akaniomba, "Dairekta, tumalizie." Mzee akapiga mluzi wa pili. Tulitoka, viatu vya plastiki vimejaa mchanga, kamera kichwani, maji magotini. Lililobaki lilipigwa usiku uliofuata, mwezi ukichelewa kidogo na maji nayo yakichelewa kidogo, na halina tofauti ya kuonekana.

Hapo nilimfikiria Ravneet Sippy Chadha, aliyeipeleka Subira yake Lamu: habari ya binti anayetaka kuogelea baharini, kwanza ikiwa filamu fupi, kisha ndefu ya mwaka 2018, ambayo Kenya iliichagua iiwakilishe kwenye Oscar mwaka uliofuata. Kumpiga picha mwanamke na bahari katika pwani hii si jambo la mandhari tu. Kila mtu ufukweni ana la kusema kuhusu kwa nini yupo pale, saa ile, na nani. Usiku ule wapita njia walituuliza sana. Jibu la Mzee lilikuwa moja: "Hawa ni wanangu, wako kazini."

Mikono nayo imepigwa. Hina imeisha.

Mfunguo Tano

Onyesho la kwa kadhi limekwisha, kwenye ukumbi wa kukodi, si mahakamani. Karani mstaafu aliusoma mswada akaufyeka: hakuna mawakili wa kupayuka, hakuna rungu la kugonga meza, na kadhi kabla ya chochote atawauliza kama wamekaa kama ndugu wakatafuta sulhu. Nilichoandika mimi kilikuwa kimetokea kwenye tamthilia. Chake kimekuwa kifupi na kinauma zaidi.

Tuko kwenye uhariri. Mkato wa kwanza ni mrefu mno. Picha za kupitia mlangoni zinafanya kazi mpaka katikati, kisha zinaanza kuchosha jicho. Mhariri anapendekeza mara moja tu, kaka wakishaondoka na bei yao, kamera iingie chumbani alimo dada. Nilikuwa nimeapa isiingie. Tunacho kipande kimoja, kilichopigwa wakati mpigapicha akijaribu umakini wa lenzi: dada amekaa kitandani pa baba, mgongo ukutani, anakunja leso bila kujua anarekodiwa. Kimeingia. Nitalijibu suala la kanuni zangu siku nyingine.

Bi Mkubwa alitazama nusu saa ya mwanzo kwenye kompyuta, mezani kwake. Alisema chumba kimetoka kizuri, na kwamba yule kaka mkubwa anafanana na mtu anayemjua, jina akalimeza. Halafu akaniuliza yale makarai kwa nini sikuyaacha yaonekane, nyumba ya kweli inavuja.

Yaliyobaki: sauti ya mwambani, rangi ya usiku wa pili ilingane na wa kwanza, muziki (nataka udi peke yake, mtayarishaji anataka violini), kisha nakala ya KFCB, ile bodi ya filamu, ipewe daraja lake. Natarajia GE (ya watu wote) au PG (mtoto atazame na mzazi), hakuna cha kuogopesha mle ndani ila ndugu. Mfuko ule bado haujajibu. Msimu mpya wa tamthilia unaanza mwezi ujao. Nimekubali vipindi vya mwanzo tu, na nimeomba malipo yatoke kwa awamu, kwa sababu studio ya kuchanganyia sauti haikubali ahadi. Bi harusi wa kule, kwa taarifa, amepata mimba katika hadithi. Mshonaji ameshaagizwa mto.